Nesi akiacha kazi usikimbilie kusema ni pesa

Nimesimamia wodi ya kina mama kwenye hospitali moja ya kaunti hapa Kenya kwa miaka, na kila nesi akiondoka watu wanasema yale yale, ameenda Uingereza kutafuta pauni. Ndio, pesa ipo, na tangu Kenya isaini mkataba wa wahudumu wa afya na Uingereza Julai 2021 wengi wanaiwaza hiyo njia, lakini wengi niliokaa nao chini walikuwa wamechoka kitambo, kabla hata hawajajua OET, ule mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya wanaotaka kwenda nje, ni mtihani gani.

Usiku nesi mmoja ana wodi nzima, huku mama anasukuma, kule mwingine anatokwa damu, glavu zimeisha inabidi amtume mwenye mgonjwa akanunue nje, na yule ndugu anarudi na matusi, anamtukana yeye kwa sababu ndiye aliye mbele yake, aliyetakiwa kuagiza glavu yuko kwake amelala. Asubuhi hakuna anayemuuliza usiku ulikuwaje, anaulizwa mbona faili haijajazwa. Inaniuma sana hii.

Halafu vyeo. Huduma za afya zilipelekwa kwa kaunti 2013, na tangu hapo kuna watu wameongeza masomo kwa pesa zao, wana digrii, bado wako cheo kile kile. Ule mgomo wa manesi wa 2017 ulikwenda karibu miezi mitano, na wengi walirudi kazini na kinyongo.

Sasa wewe msimamizi, vyeo huvitoi wewe, lakini ratiba ya zamu unaipanga wewe. Itoe kabla mwezi haujaanza, mtu ajue watoto atamwachia nani. Anayelalamika usimuogope, bado yuko na wewe, muogope aliyekuwa akilalamika akanyamaza, na anayeomba usiku mfululizo, mara nyingi anatafuta mchana wa kusomea mtihani wa nje. Mwite mkae wawili, usimuulize kama anaenda, muulize ni kitu gani kikibadilika mwezi huu atapata nafuu. Mmoja alitaka tu asipangwe usiku peke yake baada ya mama mmoja wa wodini kumfia mikononi, basi. Tukampangia mwenzake, yupo mpaka leo.

Na aliyeshaamua kwenda tafadhali usimkalie fomu zake za kuthibitisha kazi. Saini siku hiyo hiyo, wenzake wanaona unavyomfanyia na ndio utakaoingia nao zamu kesho.