Ukitaka kuwaelewa Wamongolia Ulaya, anza na mwaka 1242

Wanafunzi wangu wa historia wakisikia Wamongolia wanatajwa, mawazo yao hukimbilia farasi na mishale. Kadiri nilivyolifundisha somo hili ndivyo nilivyozidi kushauri kinyume: yapite mapigano haraka, kisha kaa sana na miaka iliyofuata.

Mapigano yenyewe yanatosha katika aya moja. Miji ya Warusi iliangukia mikononi mwa Wamongolia: Ryazan Desemba 1237, Kyiv Desemba 1240. Tarehe 9 Aprili 1241, Henry wa Pili, mtawala wa Silesia huko Poland, aliuawa vitani Legnica. Siku mbili baadaye jeshi la Mfalme Béla wa Nne wa Hungaria likasambaratishwa Mohi, karibu na mto Sajó. Mwaka 1242 Wamongolia wakaondoka Hungaria. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu, na hapo ndipo nakuomba ufungue daftari.

Béla alikuwa amekimbilia pwani ya Dalmatia. Aliporudi alikuta vijiji vitupu na mashamba yaliyochomwa, lakini akaona pia kwamba sehemu zenye kuta za mawe zilikuwa zimehimili. Akawapa makabaila ardhi kwa sharti la kujenga ngome za mawe. Watu wa Pest wakahamishiwa kilimani Buda, walowezi wakaitwa kutoka nje, na Wakumani, wafugaji wa nyika waliokuwa wamefukuzwa, wakarudishwa. Wamongolia walipovamia tena mwaka 1285, hawakupata ushindi wa kama ule wa kwanza. Ila usiishie kwenye sifa. Ngome zilezile ziliwapa makabaila jeuri, na kufikia mwaka 1300 baadhi yao walikuwa wakitawala majimbo kama nchi zao wenyewe, mfalme akitazama tu. Mimi naona hilo ndilo badiliko kubwa zaidi ambalo uvamizi ule uliiachia Hungaria.

Kwa Urusi, fuata kodi. Huko Wamongolia hawakuondoka. Watawala wa miji walisafiri hadi Sarai, mji mkuu wa Wamongolia karibu na mto Volga, kupokea kwa Khan, mtawala wao, hati ya kutawala, huku Kanisa la Kiorthodoksi likisamehewa kodi na kuzidi kupata mali. Mji wa Tver, mpinzani wa Moscow, ulipoasi mwaka 1327, Ivan wa Kwanza wa Moscow aliandamana na jeshi la Khan kwenda kuiadhibu. Baadaye akapata cheo cha mtawala mkuu pamoja na kazi ya kukusanya kodi, na fedha ilipopitia mikononi mwake, Moscow ikawapita wapinzani wake. Ushindi wa Moscow dhidi ya Wamongolia huko Kulikovo mwaka 1380 haukumaliza mambo: miaka miwili tu baadaye Khan Tokhtamysh aliichoma Moscow, na kodi ikaendelea kulipwa. Utii kwa Khan ulikwisha mwaka 1480.

Ukifika hapa utakutana na watu wanaosema ukatili wote wa watawala wa Moscow ulitoka kwa Wamongolia. Usiwakubalie upesi. Sheria za kale za Warusi, Kanisa, mfano wa Byzantium, milki ya Kikristo ya Constantinople, na tamaa ya watawala wenyewe vina sehemu yao, na kuwabebesha wageni lawama yote ni kuwavua wenyeji wajibu wao.

Jambo jingine linalohitaji tahadhari ni Caffa, bandari ya wafanyabiashara wa Genoa huko Krimea. Amani ya Wamongolia iliipa biashara ya nafaka, manyoya na hariri, na pia ya watumwa, ambao wengi walipelekwa Misri, msomaji asiwasahau. Tauni iliwakumba Wamongolia walipokuwa wameizingira bandari hiyo, na Oktoba 1347 ugonjwa ukafika Messina, huko Sisilia, kwa meli. Kisa kwamba Wamongolia walirusha maiti za wagonjwa juu ya kuta za Caffa kinatokana na Gabriele de' Mussi, mwandishi wa Italia ambaye hakuwapo Caffa. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba panya, viroboto na meli vinatosha kueleza safari ya tauni.

Ukimaliza Hungaria na Urusi, nenda kwa Watatari Waislamu wa Lithuania na Poland, ambao wazee wao walitoka katika himaya hiyohiyo ya Sarai. Misikiti yao ya mbao ingali katika vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki huko Poland, na kwa msomaji wa pwani yetu ni mahali pazuri pa kuendelea kusoma.