Laki nane, nanunua Jumatatu nauza Alhamisi. Itawezekana?

SWALI: Shikamoo anko. Mi fundi simu hapa Kariakoo, nakaa Mbagala. Nina laki nane nimeidunduliza, nataka nianze kununua na kuuza hisa za muda mfupi, yani nanunua Jumatatu nauza Alhamisi. Video za YouTube nimeangalia kama mwezi mzima, chati nazielewa elewa. Kuna jamaa wa grupu la Telegramu anasema nimtumie hela anifanyie yeye af tugawane faida. Nianzie wapi? (Fundi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo wa Telegramu muweke kiporo kwanza, ntamrudia.

Hizo video zako nyingi ni za soko la Marekani, kule hisa za kampuni kubwa zinabadilisha mikono kwa mamilioni kila siku na madalali wengi hawakati hata kamisheni. Sisi DSE, yani Soko la Hisa la Dar es Salaam, ni soko dogo, limeanza kuuza hisa 1998 na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikua TOL ya gesi, na mpaka leo kuna kaunta, yani hisa za kampuni fulani, zinaweza kupita siku kadhaa bila mtu kununua hata hisa moja. Sasa we na chati yako utauza Alhamisi kwa nani?

Ila kinachoua zaidi ni makato. Kamisheni ya dalali ukijumlisha na tozo za soko, kwa mtaji mdogo kama wako chukulia karibu asilimia 2 ukinunua na karibu asilimia 2 tena ukiuza. Shika kalkuleta. Umenunua hisa 1,000 kwa Sh 600, hiyo laki sita, weka makato 12,000, imekutoka 612,000. Bei ikapanda mpaka 615, unaruka ruka unasema nimepiga 15,000, unauza unapata 615,000 wanakata 12,300 unabaki na 602,700. Umepanda bei na umekula hasara ya 9,300! Ili hela yako irudi tu ilivyokua, bei inatakiwa ifike kama 625. Na ile sheria wanayoimba huko YouTube, usipoteze zaidi ya asilimia 2 ya mtaji kwa mchezo mmoja, kwako ni 16,000, wakati makato ya kuingia na kutoka peke yake ni kama 24,000, kwahiyo umeshaivunja kabla bei haijasogea popote.

Jambo la pili angalia bei ya wanunuzi na bei ya wauzaji. Mnunuzi wa juu anatoa 600, muuzaji wa chini anataka 620, ukiwa na haraka utanunua 620 na ukiwa na haraka tena utauza 600. Ni kama simu yuzd pale dukani kwako, bei unayonunulia sio unayouzia, na hapa mwenye haraka ni wewe. Weka oda ya bei unayoitaka halafu subiri, isipokubali basi.

Wengine wanavizia gawio, ile faida kampuni inayowagawia wanahisa wake, wananunua siku chache kabla daftari la wanahisa halijafungwa. Hisa ikishatoka kwenye gawio, yani anayenunua sasa halipati tena, bei kwa kawaida inashuka karibu kiasi kile kile, na gawio lenyewe linakatwa kodi ya asilimia 5. Umezunguka bure.

Kwahiyo ushauri wangu: muda mfupi wa hapa uhesabu kwa miezi, sio siku. Chagua kaunta zinazouzwa kila siku, kama CRDB na NMB, soma hesabu zao za kila robo mwaka, na kwa miezi mitatu ya kwanza andika kwenye daftari tu "ningenunua hapa, ningeuza pale", makato ukiyatoa bila kujionea huruma. Ukiona daftari lina faida, ingiza laki mbili. Ya kodi ya fremu usiiguse, na kausha damu ndo kabisa usikope.

Haya, jamaa wa Telegramu. Hisa za DSE zinakaa kwenye akaunti ya CDS, akaunti ya kutunzia hisa, yenye jina lako, unaifungua kwa dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, au kwenye app ya Hisa Kiganjani. Mwambie akupe namba ya leseni yake, af ukae uone kama atajibu.