Lenzi pana ya zamani kwa Zorki 4

Mkuu, umeuliza lenzi pana ya zamani ya kupigia milango ya nakshi ya Bagamoyo kwa Zorki 4 yako, hiyo kamera ya filamu ya Kisovieti: tafuta Jupiter-12, milimita 35, f/2.8 (f ni uwazi wa kupitisha mwanga). Ni Biogon, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Zeiss ya miaka ya 1930, kazi ya Ludwig Bertele, iliyoendelezwa na Wasovieti. Agiza mtandaoni, ila hakikisha ni ya skrubu ya M39, yaani uzi wa milimita 39 wa kuifunga kwenye kamera. Zipo za kamera za Kiev, hizo kwako hazifungi. Mwambie muuzaji aimulike kwa tochi ya simu akupigie picha: ukiona nyuzinyuzi ndani ya kioo ni kuvu, achana nayo, kwa unyevu wetu huu wa pwani itazidi tu.

Usiisimamishe mezani bila kifuniko, kioo cha nyuma kimechomoza mno. Pete ya kubadilisha f nayo imejificha ndani ya mdomo wa lenzi (kero kwelikweli). Dirisha la kutazamia la Zorki ni la lenzi ya milimita 50, kwa hiyo nunua na la 35 la kuchomeka juu ya kamera.