Mapasa darasa moja au mawili? Tulivyoamua, tukakosea, tukaamua tena

Kila mwaka mwezi wa nane ukifika katikati, simu yangu huanza kulia. Ni wazazi wenzangu wa mapasa, yaani mapacha, wa hapa Lubumbashi, Kongo, na hata wa Likasi, na swali lao ni lile lile: Baba Mapasa, watoto wanaingia mwaka wa kwanza, tuwaweke pamoja au tuwaachanishe? Nimejibu mara nyingi, na kila nikikata simu nakumbuka jambo nililosahau kusema. Leo naandika yote, kwa sababu sisi tulikosea na aliyeumia ni mtoto.

Wangu ni wasichana, wa kufanana mno. Kwa desturi yetu ya Kiluba majina yalikuwa yanawangoja: aliyetangulia ni Kyungu, aliyefuata ni Kabange. Desturi hiyo hiyo inamfundisha kila mtu namna ya kuwatendea. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, karanga kwa karanga. Mgeni akimletea mmoja kitambaa na mwingine hana, Nkambo wao, mzee wa familia yetu, hakipokei. Naipenda desturi hiyo. Ila shule haigawi vitu namna hiyo, na mimi sikuliona hilo mapema.

Maternele, yaani chekechea, walikaa benchi moja. Kyungu ndiye aliyekuwa msemaji. Mwalimu akimwuliza Kabange leo ni siku gani, Kabange alimtazama Kyungu mdomoni, na Kyungu akajibu. Mwalimu akazoea, akawa hamwulizi tena. Nyumbani nasi tulizoea: Kabange akiwa na kiu, Kyungu ndiye aliyekuja kusema, "Papa, Kabange anataka mayi." Mfaransa mmoja, René Zazzo, aliyechunguza mapacha kwa miaka mingi, alionyesha tangu 1960 kwamba hata mapacha wa kufanana kabisa, waliolelewa nyumba moja, hawawi mtu mmoja. Wanaishi kama jozi, na ndani ya jozi hiyo kila mmoja anashika nafasi yake. Wakati ule sikuwa nimelisikia jina lake. Nilichoona ni mtoto wangu mmoja asiyesema, na nikaogopa.

Kisha, mwaka wa mwisho wa maternele, Kyungu akashikwa na malaria. Siku nne hakwenda shule. Mke wangu alitaka Kabange naye abaki, mimi nikampeleka. Siku ya tatu, tukirudi, alinishika kidole akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka mlangoni. Nani amempiga nani. Nani amemwaga uji. Na kwamba yeye, Kabange, amesimama mbele ya wote akataja siku zote za juma bila kuruka hata moja. Akazitaja tena pale barabarani, kwa sauti, watu wanapita.

Tukasema basi, jibu tumelipata. Wataachana. Mwezi wa kenda Kyungu aliingia mwaka wa kwanza A, Kabange akaingia B. Nkambo alituonya: "Musiachanishe batoto, moja atagonjwa." Tulimheshimu, tukanyamaza, tukaendelea na letu.

Na kweli mmoja aliugua, ila hakuwa yule tuliyemhofia.

Juma la pili Kyungu alianza kujikojolea darasani, mtoto ambaye kitandani alikuwa ameacha zamani. Mwalimu wake akatuambia, kwa nia njema kabisa, kwamba huyu mtoto ni mkimya sana. Kyungu, mkimya! Siku moja nilifika mapema, wakati wa rekreasio, yale mapumziko ya kucheza. Uwanja mzima ulikuwa vumbi na kelele, na yeye amesimama kwenye mlango wa darasa la B, ameshika fremu kwa mkono mmoja, anamwangalia mwenzake akicheza na wengine. Hakumwita. Alikuwa anatafuna ukosi wa shati lake jeupe. Jioni mama yake alipolifua, tuliona ukosi umebaki nyuzi upande mmoja.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Tulimpima mmoja tu. Ile malaria ilituonyesha kwamba Kabange anaweza kukaa bila Kyungu. Haikutuonyesha kabisa kama Kyungu anaweza kukaa bila Kabange. Tulidhani anayesema ndiye mwenye nguvu na anayenyamaza ndiye anayeegemea, kumbe Kyungu alikuwa na maneno kwa sababu alikuwa na Kabange wa kumsemea.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza, kabla hujaenda kwa mkurugenzi wa shule, wapime wote wawili. Mmoja apelekwe kwa shangazi siku mbili, mwenzake abaki. Baada ya majuma kadhaa, mbadilishe. Usiangalie nani amelia wakati wa kuagana, kwa kuwa karibu wote hulia. Angalia nani anakula, nani analala, nani anacheza na watoto wa jirani bila kusukumwa. Halafu umwulize kila mmoja akiwa peke yake, mbali na masikio ya mwenzake.

Mwezi wa kumi tuliomba warudishwe pamoja. Mkurugenzi alisema kanuni ya shule ni kuwatenganisha mapasa, na mambo yakaishia hapo siku ile. Kuna shule nyingine zenye kanuni ya kinyume. Sikubaliani na kanuni ya aina yoyote hapa, na si mimi peke yangu: Marekani, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 2005 ikiwapa wazazi wa mapacha haki ya kuomba wakae darasa moja, na majimbo mengine yakafuata. Sisi tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaeleza mtoto, siyo kanuni: mkojo, ukosi, ule mlango wa darasa la B. Na mwalimu wa A, Mungu ambariki, alikwenda mwenyewe kutusemea. Ukiwa na mwalimu upande wako, kazi inakuwa nyepesi.

Katika siku zile nilisoma usiku kwenye simu kila nilichopata. Utafiti wa Uingereza na Wales uliotoka 2004 uliona kwamba mapacha walioachanishwa mapema, mwanzoni mwa shule, walionyesha wasiwasi na huzuni zaidi kuliko waliobaki pamoja. Nilijiona humo. Mwingine wa 2018, wa Uingereza na Quebec, uliwafuata watoto kuanzia miaka 7 hadi 16, na kwa upande wa masomo haukuona karibu tofauti yoyote kati ya walioachana na walioshirikiana darasa. Huu ulinipa pumzi. Maana yake ni kwamba hutaharibu akili ya mtoto kwa kuchagua hivi au vile, kwa hiyo chagua kwa kuangalia moyo wake.

Waliporudi darasa moja tuliweka masharti yetu. Mabenchi tofauti, mmoja mbele, mmoja karibu na dirisha. Nywele tofauti: Kyungu mistari, Kabange vifundo, ili mwalimu amwite mtoto kwa jina lake na asiseme "ninyi mapasa". Na tulimwomba mwalimu kitu kimoja zaidi, amwulize Kabange na angoje jibu, hata likichelewa. Tangu elimu ya msingi ya shule za serikali ifanywe bure, Septemba 2019, madarasa mengi yamejaa, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya hamsini hana muda wa kungoja. Wetu alijitahidi.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mwaka wa pili ukaja na proklamasio yake, siku ya kutangaza matokeo, na hili ndilo ambalo sikulikuta katika yote niliyosoma, nalo kwetu ni zito kuliko yote.

Mnajua inavyokuwa mwanzo wa mwezi wa saba. Wazazi wamesimama uwanjani, baridi ya asubuhi bado ipo, watoto wamepakwa mafuta, na majina yanaitwa kwa nafasi, kuanzia wa kwanza. Kabange aliitwa wa tano. Makofi. Akarudi na buletini yake, ile karatasi ya alama, akasimama kando ya Kyungu, na wote wawili wakangoja. Wa sita. Wa kumi. Wa kumi na tano. Mkono wa Kyungu ulikuwa ndani ya wangu na nilikuwa nausikia ukilowa jasho. Aliitwa wa 23. Tofauti yao ilikuwa asilimia 11 tu, 68 kwa 57, lakini nani anakumbuka asilimia? Jirani mmoja aliwainamia, akitabasamu, akauliza, "Sasa mwenye akili ni nani kati yenu?"

Kyungu alinyosha kidole, akamwonyesha mwenzake.

Likizo nzima hakufungua daftari. Mtoto mwingine aliyekuwa wa 23 anarudi nyumbani, baba anamwambia umejitahidi, yamekwisha. Pacha aliye wa 23 analala chumba kimoja na wa tano, mwenye sura yake mwenyewe. Kama watoto wako wanakaribiana alama, pengine haitakusumbua. Kama wameanza kuachana, na shule yako inatangaza nafasi mbele za watu, mimi nasema waweke madarasa mawili, mradi wote wawili wamekwisha kuweza kukaa peke yao.

Mwaka wa tatu tuliwaachanisha tena, safari hii kwa kuwauliza. Tulienda shule siku tatu kabla ya kufungua, wakaingia madarasa yote mawili, kila mmoja akachagua benchi yake, na Kyungu akaonyeshwa kwamba ukuta ni mmoja tu. Tulihakikisha pia kwamba madarasa yote ni ya zamu ya asubuhi. Hilo uliulize mapema. Nimeona wazazi ambao mmoja wa watoto alipangwa asubuhi na mwenzake mchana: safari mara mbili, na watoto wanaonana usiku tu.

Shati la Kyungu halikutafunwa. Proklamasio ya mwaka ule alikuwa wa tisa darasani kwake, Kabange wa saba kwake, na jirani hakujua amwulize nani.

Sasa wanaingia mwaka wa sita, na nimewauliza upya kama ninavyofanya kila mwaka, mmoja mmoja, nje, chini ya mwembe. Kabange alijibu haraka: mbali. Kyungu aliuliza kwanza Kabange amesema nini. Nikamwambia simwambii. Akakaa kidogo, anachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Nitabakia mu A," akasema. "Lakini, Papa, rekreasio itakuwa ya pamoja?"

Nimekwisha kumwuliza mkurugenzi. Itakuwa ya pamoja.