Mwanangu kauliza kuhusu masista wa 1905

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Juzi karudi na daftari la historia, akauliza: “Mama, wapiganaji wa Maji Maji ni mashujaa, sawa. Mbona waliwaua masista?” Baba yake akamkaripia kwamba vita ya ukombozi haihojiwi. Mtoto kanyamaza, lakini mimi sikuridhika. Nimjibu nini?
Mama Neema, Mwanza

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Mpe baba Neema salamu zangu, umwambie mtoto hakuwatukana wazee. Kauliza swali ambalo nilifundisha historia miaka mingi nikilikwepa.

Aanze na Nandete, kule Umatumbi. Julai 1905 watu waling’oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima kwa viboko. Hapakuwa na baraza la kupeleka malalamiko wala hakimu wa kuwasikiliza. Mtu wa namna hiyo akishika mkuki, mimi siwezi kukaa kibarazani kwangu Nyakato nikamwita muuaji. Mjerumani naye alijibu kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Makadirio ya chini ya waliokufa ni 75,000, wapo wanahistoria wanaofika 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa.

Sasa masista. Agosti 1905, upande wa Liwale, wapiganaji walimuua Askofu Cassian Spiss pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Najua utetezi wake: machoni pa watu, misheni na boma vilikuwa kitu kimoja. Lakini masista wale hawakumchapa mtu kiboko shambani. Kuwaua lilikuwa kosa. Nalisema hivyo, na bado nasema vita ile ilikuwa ya haki. Neema ana akili ya kutosha kuyabeba yote mawili.

Akitaka mfano mwingine, kuna Lari, Kenya, usiku wa 26 Machi 1953. Wapiganaji wa Mau Mau walichoma nyumba zikiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Ila usimwachie hapo. Askari wa serikali nao waliua watu kwa kisasi, na katika miaka ile ya hali ya hatari Waingereza walinyonga Wakenya zaidi ya 1,000.

Wapo waliolipima jambo hili kabla ya kuanza. Mandela alieleza mahakamani mwaka 1964 kwamba walianza na hujuma dhidi ya mitambo na majengo kwa sababu haikulenga kuua watu.

Kwetu huku ziwani nililisikia kwa baba. Alikuwa mkulima wa pamba Geita. Mwaka 1958 serikali ilipowaletea baraza la mchanganyiko wa rangi wasilolitaka, yeye na maelfu ya wenzake walivuka maji kuja Mwanza kupinga. TANU ilikuwa imekataza vurugu. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Nilikuwa na miaka saba. Namkumbuka amekaa karibu na mtungi, macho mekundu, mama anamwosha kwa kitambaa cha kanga.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama hakutamani kurusha jiwe. Akasema, “Niliokota. Aliyesimama mbele yangu alikuwa askari kijana, Msukuma mwenzangu, kirungu kinamtetemeka mkononi. Nikaliweka chini.” Baba huyo huyo, FRELIMO walipoanza vita Msumbiji mwaka 1964, hakukosa taarifa ya habari hata jioni moja, akiwaombea washinde. Nikamwambia anajipinga. Akakataa: “Sisi mwenye nyumba alikuwa bado anafungua mlango tukibisha. Wenzetu wamepigiliwa misumari.” Sikuwahi kumsikia, hata hivyo, akifurahia kifo cha mke wa mkulima wa Kireno.

Kwa hiyo mjibu Neema kwamba kauliza vizuri. Kwenye insha yake aitaje Nandete, aitaje njaa, na awataje masista pia. Akipunguziwa alama kwa hilo, niletee daftari. Nitakwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu wake.