Usiyakwangue mabaka ya kijivu kwenye mibuni

Mwaka wa kwanza nilipoachiwa kihamba chetu, shamba la ukoo, cha Kibosho, Kilimanjaro, nilichukua kisu nikayakwangua yale mabaka ya kijivu kwenye mashina ya mibuni. Jirani aliniambia ni ugonjwa, nami niliona uchungu shamba la marehemu baba kuonekana limeota ukurutu. Penye baka gumu, gome lilitoka nalo. Kumbe ugonjwa haukuwapo. Vidonda nilivyoviacha ndivyo vilivyoukaribisha, na mibuni miwili ikanyauka.

Kwa hiyo kabla hujashika kisu, shika kikombe cha maji. Mwagia baka moja utazame: kijivu kinageuka kijani mbele ya macho yako. Kijani hicho ni mwani, seli ndogo sana zilizofumbatwa na nyuzi za kuvu. Wawili hao pamoja ndio likeni, ndugu wa zile ndevu zinazoning'inia mitini ukipanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu kuelekea kambi ya Mandara. Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliyasema haya miaka ya 1860, na wataalamu wenzake wengi wakampinga.

Linalonigusa zaidi ni namna wanavyotambuana. Spora ya kuvu, yaani chembe yake ya uzazi, hupeperushwa na upepo, mara nyingi bila mwani wowote, ikaota mahali pageni. Uzi wake ukigusa seli ya mwani, kwenye likeni kadhaa protini ziitwazo lektini hushika sukari za ukuta wa seli ile, kama kipofu anavyopapasa uso wa mwanawe. Akiwa ndiye, jeni zilizolala huamka upande wa kuvu na upande wa mwani pia. Kuvu huchipua vitawi vifupi, ikaizungushia seli ile nyuzi zake. Kuvu hiyohiyo ikioteshwa peke yake maabara hubaki donge lisilo na umbo. Umbo la likeni huja wakikutana.

Chakula hupikwa na mwani kwa jua, na kuvu hula humo. Mbuni unatoa mahali pa kukaa tu.

Ukiona mbuni una likeni nyingi na majani haba, jua kwamba majani yalitangulia kupungua, mwanga ukafika shinani. Tazama mizizi, pogoa matawi makavu, weka samadi. Ndivyo nilivyofanya kwa mibuni iliyobaki. Mabaka yako palepale, na msimu uliopita tulichuma.