Umepangiwa JKT? Anza na miguu yako

Kila mwaka yakitoka majina ya wahitimu wa kidato cha sita walioitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima, simu yangu haitulii. Wadogo zangu, watoto wa majirani, hata wazazi wao, wote wana swali moja: "Dada, kule kugumu kiasi gani?" Mimi nilipita kambi ya Mafinga, mkoani Iringa, kikosi namba 841 KJ, na jibu langu halijabadilika. Mwili wako utaweza. Kinachowaangusha makuruta wengi wiki za mwanzo ni vitu vidogo ambavyo hawakuambiwa nyumbani, na kikubwa kati ya hivyo ni miguu.

Anza na mzigo wako. Tangazo la JKT hutaja vifaa kimoja kimoja: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo, mashuka mawili ya bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, na nauli ya kwenda na kurudi. Fuata orodha ile kama ilivyo. Pale wanapoandika nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi, wanamaanisha. Ukitoka Dar au Tanga ukashuka Mafinga mwezi Juni, alfajiri utatetemeka mpaka meno yagongane.

Raba zinunue mapema na uzivae hapo hapo nyumbani, utembee nazo sokoni, ukimbie nazo jioni. Raba mpya kabisa ukiiingiza kwenye mchakamchaka wa kwanza, malengelenge yanakusubiri. Ukipewa mabuti, yajaribu siku ile ile ukiwa umevaa soksi, na kama yanakubana sema mapema wakati bado kuna wa kubadilishana naye.

Kwenye hanga letu, yaani bweni, kulikuwa na binti kutoka Kagera ambaye miguu yake haikuwahi kumsumbua. Nilimtazama anavyofanya. Kila jioni, hata akiwa hoi, alifua soksi alizovaa, akazikamua ndani ya taulo na kuzianika kwenye chuma cha kitanda. Kisha alichukua kitambaa kikavu akapitisha katikati ya kila kidole, taratibu, bila kuruka hata kimoja. Asubuhi alivaa soksi kavu juu ya miguu mikavu. Basi, siri yote ni hiyo. Niliiga, na nakuomba na wewe uige. Lengelenge likitokea usilichane ngozi, maana ile ngozi ndiyo inayozuia uchafu. Lisafishe, lifunike, na uende zahanati ya kikosi kabla halijageuka kidonda.

Usingizi nao una thamani kuliko utakavyodhani. Filimbi inapigwa gizani, na usiku rolikoo, kuhesabiwa majina, haikosekani. Zile dakika za mwisho kabla ya kulala panga nguo za kesho, weka raba mahali ambapo mkono utazipata bila taa, kisha lala. Soga tamu zitakuwepo tu, na wiki za mbele utakuwa na nguvu ya kuzipiga.

Kwata, yale mazoezi ya gwaride, inawatisha wengi bure. Haidai misuli, inadai masikio. Amri nyingi huja kwa vipande viwili: "Nyuma..." halafu "geuka!" Kipande cha kwanza kinakuandaa tu, cha pili ndicho unachotii. Kuruta mgeni husikia "nyuma" akageuka peke yake, afande akamwona, na hapo kichurachura, adhabu ya kuruka kama chura, kinaanza, mara nyingine kwa platuni (kikundi) nzima. Tulia, subiri neno la mwisho. Na unaposimama mguu sawa kwa muda mrefu, usikaze magoti mpaka yafunge. Chezesha vidole ndani ya kiatu damu itembee, na usiwahi kwenda gwarideni bila uji tumboni. Niliowaona wakianguka juani wengi walikuwa wameukataa uji wa asubuhi.

Hapa nitasema kwa msisitizo. Kama una pumu, selimundu, kifafa au moyo unaokusumbua, sema siku ya kuripoti, wakati wa kupimwa. Usione aibu na usiogope kuambiwa unatega. Beba dawa zako na karatasi za daktari. Mkufunzi hawezi kukulinda na ugonjwa asioujua. Wenye ulemavu wa mwili unaoonekana kwa macho hupangiwa Ruvu, mkoani Pwani, kwa sababu kambi ile ina miundombinu ya kuwahudumia.

Wapo wanaoniambia ni kupotezewa muda kabla ya chuo. Malalamiko hayo ni ya zamani. JKT ilianzishwa Julai 1963, na Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Utaratibu wa lazima ulisitishwa 1994, ukarejea 2013. Wale wa zamani walidaiwa muda mrefu zaidi. Ninyi mnaitwa kwa miezi michache. Binafsi naamini ni muda halali kabisa, maana sijui mahali pengine ambapo mtoto wa Masaki ya matajiri, Dar, na mtoto wa Kakonko, kule Kigoma, wangeshika jembe kwenye shamba moja na kula maharage ya sufuria moja. Ila usiende ukidhani ni ajira. Mujibu wa sheria si ahadi ya kuajiriwa jeshini, na yeyote wa mtaani anayekuomba hela akubadilishie kambi ni tapeli.

Wazazi, wiki za mwanzo simu ya mwanao inaweza isipatikane kabisa. Sisi zetu zilikusanywa siku ya kuripoti. Kabla hajaondoka mwandikieni namba zenu kwenye karatasi, maana watoto wa sasa hawazijui kwa kichwa, na mkubaliane kwamba ukimya wa siku za mwanzo si habari mbaya.